Jinsi ya kuoka viazi vitamu, nduma na muhogo na spaisi mpaka vikauke vizuri kwa nje

Kuna kitu huwa kinaniuma sana. Mtu anatoka soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili, mfuko umejaa viazi vitamu, nduma, karoti, pesa yake ametumia vizuri kabisa, akifika nyumbani anakatakata vyote saizi yoyote tu, anamwaga mafuta na masala, anajaza trei moja mpaka inafurika, anatia oveni. Baada ya saa moja anatoa kitu kimelowa, viazi vitamu vimeungua kwa ncha, nduma bado ngumu na inawasha koo, karoti zimelala kwa maji yake. Halafu anaambia watoto hizi vitu ni za kuchemsha tu na chai. Wengi wananiuliza kama oveni yao imeharibika, na nikiuliza walifanya nini napata oveni haina shida yoyote, ni maji. Hii mizizi imejaa maji, na maji yakiwa hayajatoka hakuna kitu kitaiva ikawa ya kahawia, itachemka tu kwa mvuke wake. Karibu kila kitu nitakuambia hapa ni njia ya kutoa maji kwa wakati wake, na kujua kila mzizi unataka muda gani.

Nitatumia kipimo cha kama kilo moja na nusu hivi, inatosha watu watano ama sita: viazi vitamu viwili vya wastani, nduma moja ama kipande cha muhogo cha urefu wa mkono hadi kiwiko, karoti nne, waru (viazi vya kawaida vya chipsi) tatu nne kama unapenda, na vitunguu viwili. Huhitaji vyote, hata viazi vitamu na karoti peke yake ni chakula.

Tuanze sokoni ju hapo ndio wengi wanakosea mapema.

Kiazi kitamu, rabuon kwa Kijaluo, ama mabwoni kama wewe ni wa upande wa Vihiga na Kakamega, kile tunachokula sana huku kinatoka Kabondo na Oyugis, ukipita ile barabara ya Kisii unaona vimepangwa kando ya lami mafungu kwa mafungu. Angalia kama kuna vishimo vidogo vyeusi. Hao ni fukusi, na kiazi kikiingiwa na fukusi kinakuwa kichungu na harufu mbaya, na usijidanganye utakata hio sehemu ubaki na ingine nzuri, uchungu unasambaa, tupa tu. Kitu kingine, kiazi kilichochimbwa jana ukikwaruza ngozi na kucha kinatoa utomvu mweupe kama maziwa na unanata kwa vidole. Watu hupenda hivyo wakisema ni freshi, lakini kwa kuoka mimi nataka kilichokaa. Kuna mama nanunua kwake hapo Kibuye, siku moja nilimchagulia vile vya utomvu akanishika mkono akaniambia, "Nyathina (mtoto wangu), hivi usipike leo, viache hata wiki moja ndio vikuwe na sukari." Nilijaribu vyote viwili siku moja, vya wiki na vya jana, trei moja, na ilikuwa wazi hata kwa watoto. Viweke mahali pakavu penye hewa, si kwa jua na si kwa friji.

Kama una watoto wadogo tafuta vile vya ndani ya rangi ya chungwa, aina kama Kabode ama Vita. Hio rangi ndio mwili unageuza kuwa vitamini A, na inaingia mwilini vizuri kukiwa na mafuta, kwa hivyo kuvioka na mafuta kuna maana kuliko kuvila vimechemshwa vikavu. Shida yake moja, viko na maji mengi kuliko vile vyeupe vya unga, kwa hivyo usivichanganye na vyeupe kwa trei moja ukitegemea vitaiva pamoja.

Muhogo nunua siku unapika ama siku moja kabla. Ukishachimbwa siku mbili tatu unaanza kuwa na mistari ya bluu na nyeusi ndani, mwambie muuzaji akuvunjie ncha uone, na akikataa nenda kwa mwingine. Na hapa nisikilize vizuri: nunua muhogo mtamu peke yake. Ule mchungu wa kukausha na kusaga unga wa ugali, kama ule watu wa Busia na Siaya wanachanganya na mtama ama wimbi, hio haifai kuokwa hivi juu iko na sumu ya sayanaidi na inatolewa kwa kulowekwa, kukaushwa na kusagwa. Ukionja kipande umekichemsha na ukasikia uchungu, usimeze na usipatie mtu.

Waru ukichukua aina ya Shangi, zile zinajaa Nakuru zikitoka Molo na Nyandarua, zinaiva haraka lakini zinaota pia haraka sana. Kijani kwa ngozi ni sumu, kata sana hio sehemu, na kama imeenea tupa. Waru usiweke kwa friji kwa kuoka, baridi inageuza wanga yake kuwa sukari na ikiingia oveni inakuwa nyeusi haraka kabla haijaiva.

Sasa jikoni. Nduma na muhogo haviingii oveni vikiwa vibichi, hata kama umeona mtu akifanya. Nduma mbichi iko na vijichembe vidogo kama sindano ndio vinawasha koo na mikono, na vinahitaji moto wa kutosha. Ukimenya vaa glavu ama paka mafuta kwa mikono kwanza. Kata vipande vya unene wa vidole viwili, chemsha na maji mengi na chumvi dakika 25 hadi 30, kisu kiingie bila kusukuma. Muhogo menya ngozi zote mbili, ile ya kahawia na ile ya waridi chini yake, pasua katikati utoe ule uzi mgumu, chemsha bila kufunika mpaka uanze kupasuka kwa ncha, kama dakika 20 ama 30, halafu mwaga hayo maji yote. Usiyatumie kwa mchuzi.

Waru chemsha kidogo tu dakika 8 hivi. Hapa kuna kitu nilifunzwa na kikabadilisha waru zangu kabisa: tia magadi kidogo kwa hayo maji, kidogo sana, nusu kijiko cha chai kwa lita mbili. Ni ile ile tunatia kwa mboga za kienyeji ziwe laini, na kwa waru inalainisha ngozi ya nje ili ukitikisa sufuria waru zinakuwa na kitu kama uji wa unga juu yake, hio ndio inageuka kuwa gamba la kuvunjika mdomoni. Ukizidisha utasikia ladha ya sabuni. Na ndimu usitie hapa, yenyewe inafanya kinyume, inakaza, kwa hivyo iweke ya mwisho.

Kwa wale wako Nakuru ongeza dakika chache kwa kila kitu cha kuchemsha. Nakuru iko juu karibu mita 1,850 na maji yanachemka kama nyuzi 94 tu, Kisumu tuko kama mita 1,130 na yanachemka kama 96. Inaonekana ni kidogo, lakini mtu akihama kutoka huku kwenda Nakuru ndio anajua ni kwa nini maharagwe yanamchosha.

Ukishamwaga maji, rudisha sufuria kwa moto mdogo dakika moja ukitikisa, utaona mvuke mweupe ukitoka. Usiharakishe hapa. Baadaye tandaza kwa trei ama sinia bila kurundika, wacha dakika 10, na kama ni saa sita mchana Kisumu toa nje kwa jua na kitambaa chepesi juu kwa sababu ya nzi, jua letu linafanya kazi nzuri sana hapa. Ukigusa kipande kinafaa kuwa kikavu kama karatasi. Karoti nazo ukishaosha pangusa na taulo, zikate kwa urefu, si duara, juu duara zinakunjana.

Kiazi kitamu kina njia yake na hii ndio napenda kuliko zote. Usikimenye kwanza. Osha, pangusa, kiweke kizima ndani ya oveni ikiwa baridi, halafu ndio uwashe. Wakati oveni inapanda moto, kiazi kinapata joto polepole, na ndani yake kuna kimeng'enya kinageuza wanga kuwa sukari, lakini kinafanya kazi joto likiwa la kati, kama nyuzi 60 hadi 75, likipita hapo kinakufa. Ndio maana rabuon ya dana, yaani nyanya yangu, ile alikuwa anafukia kwa jivu la moto jioni tukitoa baada ya muda mrefu, ilikuwa tamu hadi ngozi inatoa asali inayonata. Hakuwa anaongeza kitu, ilikuwa tu moto wa polepole. Kwa hivyo dakika 25 tangu uwashe, toa, kiwe kimeanza kulainika kwa nje tu, shika na kitambaa, kata vipande vikubwa vya unene wa vidole viwili, ngozi unaweza kuacha. Na stima ya kupasha oveni haijapotea bure, tokeni ni ghali.

Spaisi. Kwa hicho kipimo mimi natumia kijiko kimoja cha chai cha jira, kijiko kimoja na nusu cha mbegu za dania, nusu kijiko cha pilipili manga. Hizi tatu nanunua nzima, maduka ya Wahindi hapa taun wanauza kwa kupima, hata ya kumi unapata. Weka kwa sufuria kavu isiyo na mafuta, moto mdogo, tikisa dakika moja ama mbili. Kaa hapo, usiende kufungua mlango wala kushika simu. Kwanza hunusi kitu, halafu ghafla harufu inapanda, jira inabadilika rangi kidogo na mbegu moja moja inaruka, toa hapo hapo uweke kwa sahani, ukiacha kwa sufuria itaendelea kuungua hata kama umezima. Twanga kwa kinu, isiwe laini sana. Ongeza nusu kijiko cha manjano, kijiko cha paprika, tangawizi ya unga nusu, na kwa viazi vitamu peke yake robo kijiko cha mdalasini.

Mafuta vijiko vitatu vikubwa, ya alizeti ama samli ya ng'ombe kama umeletewa kutoka nyumbani, samli inapatia nduma ladha siwezi kueleza. Majarini hapana, iko na maji ndani. Changanya nusu ya spaisi na mafuta KWANZA, halafu ndio upake mizizi, juu ladha ya spaisi inayeyuka kwa mafuta na mafuta yanaikinga isiungue. Spaisi ikirushwa juu ya kitu kikavu inaungua inakuwa chungu. Ile nusu ingine weka kando, inaingia mwisho. Kitunguu saumu pia weka kando, punje nne umeponda, kikiingia mwanzo dakika 15 tu ni makaa. Chumvi kijiko kimoja cha chai, tia wakati trei inaingia, ukitia mapema inavuta maji yatoke juu na umerudi mahali ulianzia.

Kuhusu oveni yenyewe, weka nyuzi 210 hivi. Lakini je, 210 yako ni 210? Yangu ya kwanza haikuwa, miezi nilikuwa nafikiria ni mimi sijui kupika, na duka nilikonunua walisisitiza ni mpya haiwezi kuwa na shida. Jaribu na sukari nyeupe. Sukari inayeyuka karibu na nyuzi 186. Weka kijiko cha sukari kwa kipande cha foili, oveni iwe 175, dakika 15, haifai kuyeyuka. Panda hadi 190, dakika 15 zingine, inafaa kuyeyuka. Ikiyeyuka mapema, oveni yako ni kali kuliko inavyosema, na ikikataa ni baridi. Yangu ilikataa hadi namba ikafika 215. Tangu siku hio naongeza, na shida ziliisha.

Trei ipashe moto ndani ya oveni kabla. Ukiweka kipande kinafaa kulia chwaaa. Panga mizizi kwa safu moja, kati ya kipande na kipande nafasi ya kidole. Kama haitoshi tumia trei mbili ama oka mara mbili, usibanane. Karoti na waru zinaingia kwanza. Baada ya dakika 10 ongeza nduma, muhogo, viazi vitamu na vitunguu vilivyokatwa robo robo. Kila dakika 10 fungua mlango sekunde chache tu mvuke utoke. Usigeuze mapema, kipande kikishikilia trei hakijawa tayari, kikiwa tayari kinaachilia chenyewe. Geuza mara moja, dakika kama 20 tangu uongeze vile vya mwisho. Na sikiliza: mwanzo kuna kelele ya maji ikichemka ndani, baadaye kelele inapungua inakuwa ndogo ndogo ya mafuta tu. Hapo maji yameisha, na rangi inaanza kuja haraka, usitoke tena jikoni. Kwa jumla ni dakika 40 hadi 45 kwa waru na karoti, 30 hadi 35 kwa zile zingine. Toa ikiwa ya dhahabu, isifike kahawia nyeusi, haswa waru.

Dakika tano za mwisho nyunyiza ile spaisi uliweka kando na kitunguu saumu kimechanganywa na mafuta kijiko kimoja. Ukitoa, kamulia nusu ndimu na dania mbichi.

Bitruti ukitaka kuongeza, izungushe foili ikiwa nzima na uioke peke yake, karibu saa moja, ukimenya ndio uchanganye mezani. Usipofanya hivyo kila kitu kitakuwa chekundu.

Hauna oveni? Jiko la makaa linaweza, mimi nilianza nalo. Sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu safi chini unene wa kidole, weka kikalio cha mawe matatu ama cha chuma, funika, makaa chini yawe machache na juu ya kifuniko yawe mengi, wacha ipate moto dakika 15. Mizizi yote hapa ichemshwe kwanza, nduma na muhogo mpaka ziive kama nilivyosema, zile zingine nusu, hata karoti dakika tano, juu moto wa jiko hauendi sawa. Weka kwa sahani ya chuma juu ya kikalio, kidogo kidogo, safu moja. Baada ya dakika 20 sogeza kifuniko kidogo upande mmoja mvuke utoke, hapo ndipo wengi wanakosa, wanaacha imefungwa hadi mwisho na inatoka kama ya kuchemsha. Fanyia hii nje ama mlango na madirisha yakiwa wazi kabisa, moshi wa makaa usioonekana unaua watu wakiwa wamelala.

Kama uko na eafraya, ile mashine ndogo ya kuoka kwa hewa moto, nyuzi 200, dakika 18 hadi 20, nusu ya kikapu tu, tikisa mara mbili.

Mimi nakula na mala baridi (maziwa ya kuganda) na sukuma ama osuga (mnavu) kando, na ukiwa na samaki wa kukaanga hio ni chakula cha wageni kabisa. Pilipili ya ndimu pia inaenda. Mchuzi usimwage juu, weka kwa bakuli pembeni mtu achovye mwenyewe, kwa sababu ukiumwaga hapo umelowesha kitu ulichokausha saa nzima.

Ikibaki, ikipoa weka kwa friji bila kufunika kwanza, funika ikishakuwa baridi. Asubuhi tumia sufuria ya chapati, kavu, moto wa kati, bila mafuta ama tone moja tu, geuza dakika nne tano mpaka usikie ile kelele ndogo tena, halafu na chai ya maziwa. Mikrowevu itairudishia mvuke, usitumie. Nduma ya jana hapo kwa chapati, ikiwa na kagamba upande mmoja na chumvi kidogo juu, kwangu watoto wanaigombania kuliko mkate.